Maji hayakunisubiri: nilivyojifunza kuongoza filamu Mikindani

Nianze na siku ya maji maana ndo siku nilipoanza kuielewa hii kazi.

Ilikuwa mwezi wa saba, tuko Mikindani, mji wa pwani karibu na Mtwara mjini, tunashuti filamu fupi ya dakika kama 18 hivi, ya kwanza ambayo dairekta ni mimi, sio kameramani wa harusi wala msaidizi wa mtu. Kuna sini ya baba na binti yake ufukweni. Baba ana dau lake, binti anataka kwenda Dar kwa shangazi yake na baba hataki kabisa kulisikia hilo neno. Tulianza ile sini saa kumi na moja jioni, maji yamejaa mpaka kwenye mikoko, dau linaelea linachezacheza, mwanga wa jioni umemkaa yule binti usoni yaani vizuri, tukapata shoti nne ambazo mpaka leo nazikumbuka moja moja. Halafu betri zikaisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu mchana kwahiyo hata zile za akiba hazikuwa na chaji. Nikawaambia wenzangu haina shida, tutamalizia wiki ijayo siku kama ya leo saa kama hii.

Wiki ijayo, siku kama ile, saa kama ile, tukafika na vyombo vyetu. Maji hayapo. Dau limelala ubavu kwenye tope, kaa wanapita chini yake, na kule mbele wamama wawili wameinama wanaokota chaza, mahali ambapo kwenye shoti zangu nne ni bahari tupu.

Mzee mwenye dau, tulikuwa tunamwita babu nahodha, alikuwa kakaa kwenye gogo anashona jarife lake. Akanitazama kidogo akasema, "Mjukuu wangu, siku ile bamvua, leo maji mafu. Ulimuuliza nani?"

Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji mafu ni yale madogo ya katikati. Sikuwa nimemuuliza mtu. Nimezaliwa Mtwara, nimekulia Chikongola, bahari naiona kila siku ya Mungu na sikuwahi kukaa nikafikiria kwamba maji yana ratiba yao. Babu ndo akanielekeza pale pale. Kila siku maji yanachelewa kujaa kwa kama dakika 50, ukizidisha kwa siku saba unapata karibu saa sita nzima, kwahiyo kama wiki iliyopita mwezi mpevu yalijaa saa kumi jioni, leo saa hiyo hiyo yako kwenye kutoka. Ukiyataka yale ya siku ile usubiri wiki nyingine. Na mimi wiki nyingine sina, waigizaji wawili wanarudi Lindi kesho kutwa, kamera ni ya kuazima na mwenyewe anaitaka Jumatatu kwa ajili ya send-off ya mtu.

Ntarudi hapo. Ila kwanza nieleze nilifikaje, maana vijana wengi wananiuliza inbox nifanyeje niwe dairekta nikiwa huku kusini, na naona majibu wanayopewa na watu wa mjini hayaendani na maisha yetu.

Mimi nilianza na harusi, sina haja ya kuficha na wala siioni kama kazi ya chini. Huku kwetu hela ina msimu. Korosho zikianza kuuzwa kwenye minada kuanzia mwezi wa kumi, wakulima wakalipwa, basi kuanzia hapo ni harusi, mahafali, kuwatoa wali (watoto wanaomaliza jando na unyago), ngoma kila wikendi, Newala, Tandahimba, Masasi, unalala kwenye gari. Harusi imenifundisha vitu ambavyo nilikuja kuona watu wanavilipia ada. Bibi harusi hawezi kurudia kulia. Mama mzazi akimkumbatia mtoto wake anamkumbatia mara moja, kama ulikuwa umesimama upande mbaya umeikosa, hamna teki ya pili. Kwahiyo nilijifunza kuangalia watu kabla hawajafanya kitu, unamwona mama anashika ncha ya kanga yake anaikunja, unajua sasa hivi atalia, unasogea. Hiyo ya kuona kitu kinakuja ndo nusu ya uongozaji kwa maoni yangu na hakuna kamera itakayokufanyia.

Baadae kampuni moja ya Dar ilikuja kushuti huku wakatafuta kijana anayejua mitaa, nikapata, wiki tatu nikawa msaidizi wa msaidizi wa dairekta. Kazi yangu kuzuia bodaboda zisipite, kutafuta maji ya kunywa, kubeba. Sikulipwa yote waliyoahidi na sitawataja, yalishapita. Ila nilikaa karibu na kiti cha dairekta nikaona kazi inavyokwenda. Niliona kwamba filamu haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi, mnashuti za sehemu moja zote kwa pamoja hata kama ya kwanza ni mwanzo na ya pili ni mwisho, kwahiyo lazima awepo mtu mmoja ambaye hadithi nzima iko kichwani kwake, anajua huyu mtu kwenye sini hii bado hajafiwa na kwenye hii kashafiwa, ingawa vyote vinashutiwa asubuhi moja. Huyo mtu ni dairekta. Kameramani anaangalia fremu, wa sauti anasikiliza sauti, muigizaji anawaza sini yake, yeye peke yake ndo kabeba yote. Nilivyolielewa hilo nikasema hii kazi naitaka.

Na niliona kitu kingine ambacho kwa bahati mbaya nilikibeba nacho. Yule dairekta alikuwa anafoka. Anafokea watu wa mwanga, anafokea vijana wa mtaani tuliowaomba wapite nyuma, na kila mtu anasema duh huyu mtu yuko siriazi na kazi. Mimi kichwani nikaandika: dairekta anafoka.

Kwahiyo siku ya kwanza ya filamu yangu nilifoka. Nilimfokea kijana aliyeshika maiki, mdogo wangu tu wa Shangani ya hapa Mtwara, kwa sababu kivuli cha fimbo ya maiki kiliingia kwenye shoti. Nilimfokea mbele ya watu wote. Sasa mwezi wa saba huku ni kusi, upepo unapiga ufukweni kuanzia asubuhi, na ile maiki yetu haikuwa na manyoya ya kuzuia upepo, tulikuwa tumeifunga kasponji tu. Yule dogo heedifoni ziko masikioni, akasikia upepo unaugonga maiki asubuhi nzima, vuu vuu vuu juu ya kila neno, na hakusema. Nilikuja kumuuliza usiku tulipokaa kusikiliza, kwanini hukuniambia. Akajibu taratibu, "Kaka, niliogopa utaniambia nakuchelewesha."

Asubuhi nzima imeenda. Sini tatu. Sikulala ile siku, sio kwa sababu ya zile sini, ni kwa sababu ya lile jibu lake. Kesho yake nikamuomba msamaha mbele ya wale wale niliomfokea mbele yao, nikawaambia wote, mtu yeyote akiona au kusikia kitu hakijakaa sawa anyooshe mkono hata kama nimesema ekshen. Mpaka leo ndo utaratibu wa seti yangu. Na kila tukimaliza sini nawaomba watu wote wanyamaze nusu dakika tunarekodi ukimya wa pale mahali, upepo, ndege, jenereta ya mbali, kwa ajili ya kuja kuziba mapengo wakati wa kuediti, na ile nusu dakika ni ya mtu wa maiki, yeye ndo anasema tuanze na yeye ndo anasema tumemaliza, mimi nanyamaza kama wengine.

Nina kitu cha kusema kuhusu Mikindani yenyewe. Kila anayekuja na kamera anataka Boma la Wajerumani la 1895, halafu anataka habari za Livingstone aliyepitia hapo 1866, anapiga picha anaondoka. Sina ugomvi na Boma, ni jengo zuri. Ila nilikuwa naumia tangu mdogo, naona mji wetu kwenye picha na watu wetu hawamo, au wamo wanapita tu nyuma. Mimi nilitaka filamu ambayo mtu wa Mikindani anaongea. Na hapo ndo nikakutana na bibi.

Bibi tulimpata kwa kuulizia. Nilihitaji bibi wa yule binti, sini moja tu, yuko uani anabangua korosho anamwambia mjukuu wake maneno kuhusu kuondoka. Mwenyekiti wa mtaa akatupeleka kwake. Hajawahi kuigiza na kusoma hajui, kwahiyo nikamsomea maneno yake niliyoandika, mistari kumi, akashika kama minne. Tukaanza. Teki ya kwanza kasahau. Ya pili anasema maneno huku ananiangalia mimi aone kama nimeridhika. Ya saba amechoka, ana jasho, na mimi nimeanza kuona nimekosea mtu. Nikaita mapumziko.

Wakati wa mapumziko akarudi kwenye korosho zake, maana zilikuwa korosho kweli, za kwake, ana kazi nazo. Nilikaa pembeni nikaangalia mikono. Kama hujawahi kuona inavyofanyika: korosho zinachomwa kwenye bati, yale mafuta ya ganda yanashika moto moshi mweusi unapanda, zinamwagwa mchangani zipoe, halafu moja moja zinapasuliwa kwa jiwe. Yale mafuta yanababua ngozi vibaya, kwahiyo unapaka majivu mikononi. Mikono ya bibi ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye vifundo, na vidole viwili ngozi imekuwa nyeusi kama imepigwa lami na haitoki tena, ni miaka mingi. Anaweka korosho, gonga moja, kiini kinatoka kizima. Gonga moja tena. Hata hakuangalia.

Na akaanza kuongea. Hakuongea na mimi, aliongea na yule binti muigizaji aliyekaa kumsaidia. Akasema, "Wee njukuu, hayo maneno mnayonipa sie hatuyasemi. Ntu anaondoka hauambiwi usiende. Unampa cha kula njiani basi, akikumbuka atarudi." Kwa lafudhi ile ile ya kwetu ambayo watoto tukienda Dar tunachekwa nayo mpaka tunaificha.

Nilikuwa nimeandika yale maneno kwa Kiswahili cha tamthilia za kwenye tivii. Nilikuwa nimemuandikia bibi wa Mikindani hotuba. Pale pale nikamfata kameramani nikamwambia polepole washa, usiseme chochote, usiniambie hata ukiwa tayari. Nikamwambia bibi endelea na kazi zako, mwambie huyu binti unachotaka kumwambia kuhusu kuondoka, ukimaliza umemaliza. Dakika sita. Hakusahau neno kwa sababu hakukuwa na neno la kukumbuka, na yale macho yake hayakunitafuta tena hata mara moja kwa sababu yalikuwa kwenye korosho. Mwisho akamfungia binti korosho kwenye kipande cha kanga. Mimi sikumwambia afanye hivo.

Toka siku ile muigizaji asiye na uzoefu simpi maneno kabla sijampa kazi ya mikono. Achambue mchele, akune nazi, afunge nyavu, chochote anachokijua kuliko mimi. Mwili ukishatulia kwenye kazi yake, mdomo unasema ukweli. Na skripti zangu zote saivi nazipeleka kwanza kwa mtu mzima wa sehemu tunayoshutia, namsomea kwa sauti, namwomba anikatize. Skripti ile ile ya mwanzo nilikuwa nimeandika pia jua linazama baharini. Kwetu jua linatoka baharini, linazama nchi kavu, kila mtoto wa huku anajua, ila mimi nilikuwa naandika nikiwa na picha za sinema za watu wengine kichwani na sikuiona mpaka siku tumefika lokesheni na mwanga uko nyuma yetu.

Sasa turudi kwenye maji.

Nimesimama pale, kamera iko tayari, timu inaniangalia. Watu hawaelewi kwamba hii ndo sehemu nzito kuliko zote, kwamba wote wameshafanya kazi yao na sasa wanasubiri uamuzi wa mtu mmoja. Nilikuwa na shoti nne za maji ya kujaa na nusu ya sini haijashutiwa. Kameramani akapendekeza tushuti nyuso tu, tuzibe bahari isionekane. Ingewezekana. Ila kaa walikuwa wanapita chini ya dau na ule mlio wa tope likikauka, ule wa tik tik tik, ungesikika tu.

Nikaenda kukaa na babu nahodha kwenye gogo. Nikamuuliza, babu, maji yakiwa yametoka hivi unafanyaje ukitaka kwenda kuvua? Akasema, "Siendi. Nakaa. Mtu akinitafuta siku ya maji mafu ananipata."

Jamani. Ile ndo ilikuwa filamu. Kwenye skripti yangu baba anabishana na binti kwenye sini moja mwanzo mpaka mwisho. Nikaikata mara mbili. Ya kwanza, maji yamejaa, binti anajaribu kusema na baba anasukuma dau lake anaondoka, anamkimbia kwa kwenda kuvua, na zile shoti nne zilikuwa zinatosha kwa hilo. Ya pili ni siku nyingine, dau liko kwenye tope, baba hana pa kwenda, binti anakuja anakaa pembeni yake na safari hii lazima asikilize. Nikawaeleza waigizaji kwa sentensi mbili, nikamwambia yule mzee aliyecheza baba, leo huwezi kumkimbia kwa sababu bahari imekukatalia. Akacheka kidogo halafu akanyamaza, akaenda kukaa. Tulimaliza ile sini kabla ya saa kumi na mbili na dakika kumi jua halijapotea kabisa, teki tatu. Mstari wa kutazamana tukauheshimu, yaani kamera ikakaa upande mmoja wa wale watu wawili ili kila mmoja aonekane anamtazama mwenzake, na sikuwa na kingine cha kuwasumbua nacho.

Nikirudi nyuma naona kama ningekuwa na betri zilizojaa siku ile ya kwanza ningemaliza sini niliyoandika, na ingekuwa sini ya kawaida tu.

Kwa wale wanaouliza habari za vibali: ni lazima, sio hiari. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla hujaanza kushuti, kinatoka Bodi ya Filamu, na huku chini unapita kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kwenye serikali ya mtaa au kijiji. Nenda mapema na skripti yako. Mwenyekiti uliyemsalimia wiki mbili kabla ndo atakayekupeleka kwa bibi, yule uliyemfuata na kamera begani atakuuliza barua.

Habari za hela ntasema kifupi. Filamu hainilishi bado. Harusi zinanilisha, msimu wa korosho nafanya kazi kama punda, naweka akiba, halafu mwezi wa saba na wa nane kipupwe hela ikiwa imekauka kila mahali na watu wana nafasi, nashuti ya kwangu. Kuna mwaka nilitaka kuacha. Baba yangu alikuwa kuli bandarini Mtwara, na nilikuwa naona mtoto wa kuli ana haki gani ya kusimama akaelekeza watu. Nikaja kusoma habari za Sembène Ousmane wa Senegal, kwamba alibeba mizigo bandarini Marseille kule Ufaransa, akaandika vitabu, halafu miaka ya sitini mwanzoni akaenda kusomea filamu Moscow akiwa anakaribia miaka 40, kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma vitabu vyake ila filamu wangeiona. Nilimsomea baba ile habari. Akauliza, "Alibeba mizigo gani?" Sikujua, ila tuliongea mpaka usiku kuhusu mizigo aliyobeba yeye, magunia ya korosho, jinsi wanavyopanga mgongo, na ile habari naiandika sasa hivi, ndo filamu yangu inayokuja.

Ile ya Mikindani tuliionyesha pale pale, uwanjani, shuka jeupe mbili zimeshonwa pamoja na projekta ya kukodi. Ilikuwa imeshuka mpaka dakika 14 baada ya kuediti. Watu walikaa kwenye mikeka, watoto mbele. Kwenye sini ya bibi palikuwa kimya, na alipofunga zile korosho kwenye kanga nikasikia mwanamke nyuma yangu anavuta pumzi. Bibi mwenyewe alikaa kwenye kiti tulichomletea, mikono juu ya mapaja, hakusema kitu mpaka mwisho. Watu walipoanza kuondoka nikamfuata, nikachuchumaa, shikamoo bibi, umeionaje?

Akasema, "Marahaba. Nzuri. Ila zile korosho za upande ule ziliungua, mbona hukunambia?"

Nikarudi nyumbani usiku ule nikafungua laptop nikaitafuta ile shoti. Nilikuwa nimeiangalia labda mara mia mbili. Kweli, nyuma ya bega lake la kushoto, kwenye pembe ya fremu, kuna bati lingine limeachwa motoni na moshi wake unazidi kuwa mzito dakika zote sita anazoongea, na yeye alikuwa ameligeuzia mgongo.